Turubai la Fundi

Wifi yangu ni bingwa wa miche, na simsifu kwa kuwa ni mke wa kaka. Kwa hilo ningemsema, maana ndiyo kazi ya mawifi. Kitalu chake kiko nyuma ya nyumba tunayokaa sote. Mvua ikianza, wenzake tunakimbilia kuanua nguo, yeye anatoka na jembe kuchimba mifereji. "Mvua haina neno, wifi," ataniambia, matope yamemfika magotini. "Shida ni maji yasiyo na pa kwenda."

Mwaka ule kitaluni kulikuwa na michungwa ambayo mteja hakuruhusiwa hata kuigusa. Marehemu baba yake aliacha mchungwa mmoja tu, na kiwanja kilipouzwa, mwenye mali mpya akaukata. Wifi alikuwa ameshawahi kukata vijiti vyake, akavibebesha juu ya miche ya mlimao ili vishikane na kukua pamoja, na kufunga kila kiungo kwa utepe wa nailoni. Miche hiyo ikifa, basi, mchungwa wa baba yake umekwisha duniani.

Mvua ikakolea. Wifi akaitwa kumuuguza mama yake, akaondoka akimwambia kaka, "Fundi, niangalizie michungwa. Angalia tu."

Kaka ni fundi cherehani, mtu wa roho safi na mikono isiyotulia. Kuangalia tu hakuwezi. Alitafuta turubai la plastiki, akalishona pembe kwa pembe, akalikunja pindo na kupitisha kamba, akaifunika ile michungwa mpaka chini na kukaza kamba kama anayefunga mdomo wa gunia. Hata tone halikupita. Mimi mwenyewe, mjinga, nilimpigia makofi.

Wifi aliporudi hata mkoba hakuutua. Alifungua kamba, mvuke wa moto ukampiga usoni. Viriba, vile vifuko vya miche, vilikuwa chepechepe, udongo unanuka, majani yamepukutika, mashina yameanza kuwa meusi kwa chini. Kaka alisimama pale na futi yake ya kupimia shingoni.

"Nilidhani..."

"Njoo."

Akamshika mkono hadi chumba cha kushonea, akavuta nailoni ambayo kaka hufunikia cherehani kila akimaliza kazi. Kwa ndani ilikuwa imejaa matone.

"Unaifunika isipate unyevu, halafu kila wiki unaisugua kutu. Unyevu unaufungia humohumo, mume wangu. Na kule umefanya vilevile."

"Basi nimemzika baba mkwe mara ya pili," kaka akasema, na hakuwa anatania.

"Jikaze kisabuni. Lete mkasi."

Hakulia wala hakulaumu. Alifungua kiriba kimoja kimoja, akakata mizizi iliyooza, akatia udongo mpya wenye mchanga mwingi, akaipanga miche juu ya meza ya kukatia nguo, madirisha wazi. Vitambaa vya wateja vikahamia kitandani kwangu, nami nikanuna kidogo. Kila asubuhi alikwaruza maganda ya mashina kwa ukucha. Chini ya ganda kukiwa kahawia, mche ulitupwa. Ilitupwa mingi. Kaka akawa hali vizuri. Nilimtania, kisha nikaona aibu.

Ukabaki mmoja. Nao ukatoa chipukizi, juu kabisa ya kiungo, kwenye kijiti cha mchungwa wa mzee, si kwenye mlimao. Nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Wifi alitabasamu kama mtu aliyekuwa anajua, kisha akaanza kuondoa vitu vyake mezani. Nikadhani anaurudisha mche kitaluni, kwenye mifereji yake na kivuli chake. Kumbe hapana. Aliusogeza kwenye dirisha lililo karibu na cherehani, pale kaka anapokaa kutwa nzima.

Kaka akaacha kushona. "Mbona hapa? Unaniachia mimi tena?"

"Wewe," wifi akasema. "Katika nyumba hii, ni wewe peke yako ambaye nina hakika hutaufunika."