Vichwa vya Shaba vya Regis Hudak

Regis Hudak alikuwa mtu wa maneno machache hata mkewe alipokuwa hai. Alipofiwa, maneno yenyewe yalipungua mpaka yakabaki ya Jumanne tu. Jumanne jioni, kipindi chote cha baridi, klabu ya bastola ya mji wao ilishindana na klabu za miji jirani katika ukumbi ulio chini ya kituo cha zimamoto. Hapo watu walimwita kwa jina, walimtania, walimuuliza habari za goti lake. Siku nyingine alishinda katika chumba cha chini ya nyumba yake, akitengeneza risasi za Jumanne.

Za dukani hakununua. Aliokota maganda yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha ndani ya mtungi unaotikiswa kwa umeme, uliojaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Aliyatia fataki mpya za kuwashia na baruti kidogo sana, kisha kwa mashine ya mkono akakandamiza kichwa bapa cha risasi mpaka kikalala sawasawa na mdomo wa ganda. Kichwa cha namna hiyo hakina ncha. Kikigonga karatasi hukata tundu la mviringo, safi kabisa, na mwamuzi hana la kubishana. Vichwa hivyo Regis alivimimina mwenyewe tangu ujana wake, akiyeyusha madini ya risasi ya kusawazishia magurudumu, aliyopewa na mafundi wa matairi.

Binti yake Janelle alipokuwa kazini, mtoto wake Tessie alishinda kwa babu. Kila alipolia, Regis alipanda ngazi mbio, akajifuta mikono kwenye suruali, akambeba.

Siku moja Janelle alipiga simu.

"Majibu ya vipimo vya Tessie yametoka," alisema. "Ana madini ya risasi kwenye damu."

"Huenda ni rangi ya nyumba yenu."

"Baba, walikuja wakapima rangi, wakapima mpaka maji ya bomba. Kwetu hakuna kitu. Ni huko chini kwako."

Regis alitazama mikono yake.

"Mpaka uviondoe vile vitu vyote, haji tena," Janelle alisema.

Wiki ile ile Regis alitoa sufuria ya kuyeyushia na kalibu zake zote. Alisugua sakafu ya chumba cha chini mara mbili, kwa magoti, lile goti bovu likimlilia. Kisha aliagiza vichwa vilivyokwisha kuvikwa ngozi ya shaba kiwandani, vinavyong'aa kama vifungo vya sare. Akampigia Janelle simu, akamwambia ameviondoa vyote. Moyoni hakuona kuwa amedanganya. Sumu ilikuwa kwenye vichwa, na vichwa vya zamani havikuwepo tena.

Jumanne ya kwanza na vichwa vipya, matundu yake yalitawanyika karatasi nzima.

"Regis," alisema Bernie Kuchta, mwenzake tangu wakiwa vijana kwenye kiwanda cha vioo, "leo unalenga au unapanda mbegu?"

Wengine walicheka. Bernie alichukua risasi moja, akaifungua, akamwonyesha mkato uliozunguka kile kichwa.

"Tazama. Umekibana kama unamziba mama mkwe mdomo. Ngozi ya shaba ni nyembamba, bwana. Ukiibana hivi unaichana, ikitoka inayumba. Legeza mashine yako."

"Nimezoea vile vya zamani."

"Ndiyo, nawe u wa zamani vilevile. Na ule mtungi wa kutikisa maganda, kauweke nje kibandani. Fataki nazo zina yale madini yaliyomwingia Tessie, yanabaki ndani ya ganda. Vumbi lote lile linakuwa mle."

"Nitautoa," Regis alisema.

Mashine aliilegeza usiku uleule. Mtungi hakuutoa. Kibandani hapakuwa na umeme, na theluji ilikuwa imefika magotini. Fainali ilikuwa karibu, na Regis alikuwa ameanza tena kupiga vizuri kuliko miaka mingi iliyopita. Alijiambia atautoa baridi ikipungua.

Jumapili moja Janelle alikuja na Tessie mkononi. Regis alikuwa ameoka mkate wa karanga alioupika marehemu mkewe kila Krismasi, ingawa Krismasi ilikuwa imekwisha pita. Kabla hata hawajavua makoti, alimwekea binti yake kichwa kimoja kiganjani.

"Ona. Shaba tupu. Hata ukikilamba."

"Sikilambi, Baba."

Janelle alitoa kwenye mkoba vijiti vya pamba, vile ambavyo hugeuka vyekundu vikigusa madini ya risasi. Alipangusa ngazi ya juu ya kwenda chini. Pamba ikawa nyekundu. Alipangusa mkono wa kiti ambacho Regis alikuwa akikaa na Tessie mapajani. Ikawa nyekundu tena.

"Ulisafisha?"

"Mara mbili."

"Basi hii imetoka wapi?"

"Labda ni ya zamani," Regis alisema. "Sijui."

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Bernie hakuwahi kubisha hodi katika nyumba ile. Aliingia na ndoo ya maganda, akamchekea mtoto, kisha akaona vile vijiti mezani.

"Mmeanza kupima? Afadhali," alisema. "Nilimwambia huyu mkaidi tangu kabla ya Krismasi, mtungi wa vumbi autoe nje. Ameutoa?"

Janelle alimgeukia baba yake. Bernie aliiweka ndoo sakafuni polepole.

"Ulijua," Janelle alisema.

Regis alikuwa na mengi ya kumwambia, juu ya nyumba ilivyo kimya, juu ya Jumanne. Lililotoka ni hili:

"Kibandani hakuna umeme."

"Hakuna umeme," Janelle alirudia, taratibu, kama mtu anayeandika anachosomewa. Alimvika mtoto kofia. Mkate haukukatwa.

Siku chache baadaye Regis aliviondoa vyote kweli: mtungi, mashine, mizani ya baruti, vile vichwa vya shaba, na bastola yenyewe. Vyote alimpa Bernie, ambaye alivipakia garini bila utani hata mmoja. Klabu ikapiga fainali bila yeye, ikashinda. Regis alimpigia binti yake simu.

"Nimeviondoa vyote."

"Mara ile uliniambia maneno hayohayo."

"Safari hii ni kweli."

"Sawa, Baba," Janelle alisema, kwa sauti ambayo mtu humjibia muuzaji mlangoni.

Pasaka alialikwa kwa binti yake. Mkwewe Todd, mume wa Janelle, alimpokea gerejini, ameshika shati lake mwenyewe na ndala.

"Samahani, mzee. Janelle anaomba ubadilishe hapa kabla hujaingia. Nguo zako utazitia humu kwenye mfuko."

"Nimezifua. Na vile vitu sinavyo tena, mwulize Bernie."

"Najua, mzee. Mimi sina neno."

Regis alibadilisha, amesimama kati ya gari na mashine ya kukatia majani. Todd alikuwa mrefu, mikono ya shati ikamfunika vidole, akaikunja mara tatu. Ndani, Janelle alimwonyesha kwa kidole kiti cha plastiki. Tessie alikuwa sakafuni na vikombe vyake. Alimtazama yule mzee aliyevaa shati la baba yake, akaokota vikombe kimoja kimoja, akaenda kuchezea nyuma ya miguu ya mama yake.