Wa Mbele Husema Njia

Kampuni yangu ni nyumba ya wageni ya vyumba tisa hapa Lushoto, na gari mbili za kupandisha watu kutoka Mombo. Niliianzisha na darasa la nne langu na matofali niliyofyatua kwa mikono hii. Nasema mapema ili msomaji ajue yuko na nani. Wenye vyeti wapo ofisini kwangu, na asubuhi wananiamkia.

Kitu kimoja tu sikukijenga mimi, nacho ni tovuti. Hiyo ilitengenezwa na binti wa jirani yangu, aliyesomea kompyuta akarudi kufungua duka la kuchapa karatasi pale stendi. Wageni wengi siku hizi wanajiwekea vyumba humo, kwa hiyo namheshimu, ingawa simwambii.

Miezi michache iliyopita alikuja ofisini, akaniamkia, akakaa. Akasema, "Baba, tovuti yetu ina kasoro. Mtu asiyeona hawezi kuitumia. Hata yule ambaye mikono haishiki vizuri inamshinda. Nataka niirekebishe."

Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Asiyeona anapanda milimani kutazama nini?"

Akatazama sakafu. Mtaa mzima unajua kwamba kaka yangu haoni, na yeye anajua. Maneno yangu yaliporudi masikioni mwangu nilitamani kuyameza.

Kaka yangu amenizidi miaka sita. Baba yetu alipofariki, ndiye aliyenitoa shuleni na kuniingiza kwenye biashara. Wengine wanasema alinikosesha elimu. Mimi nasema alinilisha. Tulikuwa tunabeba mapeasi kutoka kijijini kwetu, juu ya Soni, tunashuka nayo Mombo kwa miguu, tenga kichwani juu ya ngata. Mwenye tenga kichwani haangalii chini. Akiinamisha shingo, mzigo wote unamwagika. Na asubuhi za kwetu zina ukungu ambao unakuficha mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu: wa mbele husema njia. Kaka alitangulia, akipapasa kwa miguu, mimi nyuma yake nasikia tu.

"Jiwe kulia."

"Tope."

"Mzizi. Nyanyua."

Basi. Hasemi zaidi. Siku moja nilimuuliza mbona anakuwa mkavu hivyo, kaka mtu. Akasema, "Nikikuongelesha hadithi utaanguka. Mguu hauhitaji hadithi." Miaka yote ile sikuwahi kumwaga tenga hata moja.

Kisha macho yake yakaingiwa na presha. Tulichelewa hospitali, tulidhani ni uzee. Akahamia Tanga kwa binti yake. Mara ya mwisho alipokuja kwangu nilimpokea Mombo mwenyewe, nikamshika mkono tangu mlango wa gari na sikumwachia. Nilimkatia nyama. Wahudumu walipomuuliza atakunywa nini, nilijibu mimi. Niliwaambia wageni, "Mpisheni, huyu haoni." Nilijiona ndugu mwema kuliko wote Usambara. Siku ya tatu niliamka nikakuta chumba kitupu. Simu ikalia, ni yeye, yuko Mombo.

"Nimeshuka," akasema. "Umenishika kama mbuzi wa Idi."

"Kaka, mimi nilikuwa—"

"Nitarudi siku nitakayojiwekea chumba mwenyewe kama mgeni mwingine. Simu yangu inaongea, inanisomea kila kitu. Nitakuja kwa akili yangu."

Nilisubiri. Salamu tulikuwa tunapeana, Idi tunapigiana, lakini kuja hakuja. Nikasema moyoni kwamba kaka ana kiburi. Sisi wa kwetu kiburi tunakijua, tumekinyonya.

Basi siku ile binti wa jirani alipokuwa bado anatazama sakafu, nilimuuliza, "Hizo simu zinazoongea, zikifungua tovuti yetu zinasema nini?"

Akaiwasha yake iongee, akanipa. "Fumba macho, baba. Usichungulie."

Nikafumba. Sauti ikaanza, Kiswahili cha pua kama cha padri mgeni: "Picha. Picha. Picha. Kitufe. Kitufe hakina jina. Picha." Nikapapasa kioo kama mtu aliyepotelewa na ufunguo. Orodha ya bei haikusomwa kabisa, kwa sababu ilikuwa karatasi iliyopigwa picha. Binti akanisogezea kidole mpaka mwisho, kwenye kuweka chumba. Pale mtu anatakiwa kuthibitisha kuwa ni binadamu, achague picha zenye daraja.

Nikafumbua macho. "Mtu haoni, unamuuliza daraja liko wapi?"

"Ndiyo hicho ninachosema, baba."

Jioni nilimpigia kaka. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza kama aliwahi kuifungua tovuti yangu.

"Mara mbili," akasema. "Nimebisha hodi, nikajibiwa picha, picha. Nikajua hujanikaribisha."

Mara mbili. Na mimi huku miaka mitatu namwita mwenye kiburi.

Binti akaanza kazi kesho yake. Kila kitufe kikapata jina. Bei zikaandikwa kwa maneno. Madaraja yakaondolewa. Maandishi ya kijivu juu ya kijani akayafanya meusi, na mimi ndipo nikayasoma kwa mara ya kwanza. Kumbe nilikuwa nailaumu miwani bure. Mtu akitaka sasa, anapita ukurasa mzima kwa vitufe viwili tu vya kubonyeza, hahitaji kulenga kwa kidole. Zikabaki picha, thelathini na moja. Akasema, "Hizi ni zako. Kila moja inahitaji maelezo, na wewe ndiye unayejua kilichomo."

Nikakaa naye dukani kwake, mimi nasema, yeye anaandika. Nilianza, "Shikamoo. Huu ni mlango wetu wa mbele, uliochongwa na fundi wa Mlalo, mtu wa swala tano—"

Akasimamisha vidole. "Baba, shikamoo ya nini?"

"Naingia masikioni mwa mtu bila kumwamkia?"

"Na akiwa mtoto?"

"Bora nimwamkie mtoto kuliko kumnyima mzee."

"Sawa, lakini picha ya pili tena?"

"Wewe unajua ataanzia wapi?"

Akaandika. Picha thelathini na moja, shikamoo thelathini na moja, na kila moja na habari zake: aliyechonga, aliyepanda, shamba lilikuwa la ukoo gani. Nilitoka pale nimenyanyua kifua. Nikamtumia kaka ujumbe wa sauti: sasa bisha hodi.

Akanipigia siku ya pili, amekasirika na anacheka, vyote pamoja.

"Wewe mgosi!" akasema, kwa neno letu la Usambara la kuitana wanaume. "Tovuti yako imeniamkia tangu asubuhi. Nimeitikia marahaba mpaka koo limekauka."

"Umeitikia zote, kaka?"

"Ningefanyaje? Shikamoo haiachwi hewani. Mwanangu alidhani nina wageni chumbani. Nimefika chumba cha pili, adhuhuri ikaadhiniwa. Kitanda kiko upande gani sijui mpaka sasa, ila ukoo wa fundi naujua mpaka babu yake."

Kisha akasema polepole, "Tulipokuwa tunashuka Mombo, nilikuwa nakuamkia njiani?"

Nikarudi dukani. Binti aliponiona akajua. Tukafuta zote, na safari hii nilifumba macho kabla ya kusema, nikaweka tenga kichwani.

"Mlango wa mbele. Ngazi tatu. Ukuta wa kushika uko kulia."

"Chumba namba tatu. Kitanda kushoto. Dirisha mbele. Asubuhi ukungu unaingia, ufunge."

"Bafu. Sakafu inateleza."

Picha ya mwisho ni ya kwetu kule juu ya Soni, tunakowapeleka wageni kutembea. Nikasema, "Mpeasi wa mama. Tawi la chini limekatika. La juu bado linazaa."

Binti akaniuliza, "Mgeni anahitaji kujua tawi limekatika?"

"Mmoja anahitaji. Alikuwa anakalia hilo."

Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nilikuwa nafungua simu kila baada ya swala, mimi ambaye nilizoea kuwagombeza watoto kwa simu. Siku ya soko, niko katikati ya kabichi za watu, binti akanipigia. "Baba, kuna mtu ameweka chumba namba tatu. Siku tano, wakati wa mapeasi." Akanisomea jina. Nikamwambia asome tena. Chini kuna nafasi ya mgeni kueleza mahitaji yake, na kaka alikuwa ameijaza: *Mombo asije mtu wa kunishika mkono. Aje wa kutangulia.*

Sasa hivi ni mvua za vuli, na mapeasi ni madogo kama kidole gumba. Chumba namba tatu hakilali mtu. Juzi mgeni alikitaka, akaoneshwa kwamba tarehe anazotaka kiko wazi, akaja kulalamika. Nikamwambia kina mwenyewe. Wahasibu wangu wamenuna. Wanune.

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, natoka getini naelekea chumba hicho polepole, nasema kwa sauti. Si njia ya mlimani ile. Ni hatua arobaini za saruji niliyomwaga mwenyewe. Lakini ulimi umesahau, lazima uzoee kusema kidogo. Wapishi wananicheka dirishani. "Mgosi, unaongea na nani?"

"Jiwe kulia," nawajibu, nasonga.

Nikifika kwenye kona ya maua nasimama kidogo. Zamani kaka naye alikuwa anasimama hivyo kwenye kona, akisikiliza kama miguu yangu bado iko nyuma yake. Nasikiliza. Kisha naendelea.

"Ngazi. Tatu."