Anayepokea Simu ya Marko

Jua linazama Shelui na malori yanajipanga kando ya barabara. Ndani ya kibanda chake cha kuchaji simu, Elisha Chediel anaitazama simu moja ndogo ya batani iliyo peke yake kwenye rafu ya juu. "Itaita sasa hivi," ananong'ona.

Neno la kazi la Elisha ni haloo. Mteja akigonga dirisha, haloo. Yeye akijaribu spika ya simu iliyokufa, haloo. Jirani akipita na kitenge kipya, "halooo!" ndefu ya kumsifia. Wee, mtu huyu anaweza kushinda siku nzima na neno hilo moja tu.

Simu ile ni ya Marko, dereva wa lori. Aliiacha kwenye chaji, akapanda mlima Sekenke, lori likapinduka, akafa. Kwa wachaji simu, simu ya mteja haipokelewi. Lakini ile iliita kila jioni, mpaka Elisha akashindwa kuvumilia.

Aliyepiga alikuwa mama yake Marko, kutoka kijijini Kinyangiri. "Marko, mwanangu?" Elisha alitaka kumweleza msiba, ulimi ukagoma. Akasema haloo tu, na mama akashusha pumzi.

Jamani, ndivyo ilivyoanza. Mama husimulia mbuzi, alizeti, mvua iliyokataa kunyesha. Elisha huitikia haloo ya kukubali, haloo ya kusikitika, haloo ya kucheka. Aliamini mama hajui lolote kuhusu kifo, na kwamba anamfanyia huruma.

Wiki iliyopita Kristina, dada yake Marko, alipiga namba hiyo kujua nani anaipokea, Elisha akamwelekeza kibandani, akaja. Elisha alimuuliza taratibu kama mama ameshaambiwa. Kristina akamshangaa: mama ndiye aliyetupa udongo wa kwanza kaburini. Ila sasa amegawa mbuzi, amegawa vitenge, na chakula hagusi. Anasema Marko amekubali amfuate.

"Nywele zilinisimama," anasema Elisha. "Alikuwa ananiuliza kama aje. Mimi nahudumia wateja, simsikilizi, naitikia tu haloo ya kukubali."

Alimwomba Kristina amwachie simu kidogo, amwambie mama ukweli mwenyewe. Siku zimepita, ameogopa.

Inaita. Anaipokea, anafungua spika.

"Shikamoo, mama. Mimi siyo Marko. Naitwa Elisha, nachaji simu hapa Shelui. Marko hajawahi kukujibu. Nilikuwa mimi."

Lori linapita.

"Marahaba, Elisha," sauti inajibu, bila haraka. "Basi mwambie Marko nimeshafunga mzigo."

Simu inakatika. Elisha anakaa chini, machozi yanamtoka, wala hayafichi. Kisha anaanza kuwarudishia wateja simu zao, hata zisizojaa, kwa sababu kesho kibanda hakifunguliwi. Atapanda basi la kwanza kwenda Kinyangiri, na mkewe Rahabu atamfungia unga na mlenda.

"Sauti yangu ameizoea kama ya Marko, haiwezi kumsaidia tena," anasema. "Lazima anione uso. Nitamsongea ugali mwenyewe, na sibanduki pale mpaka ale."