Kitenge niliyokuta kwa kifua ya Furaha

Leo binti yangu alianguka kwa uwanja, na ni miye njo nilimuangusha.

Munamujua Furaha wangu, miaka kumi na ine. Hapa Muheto hakuna mutoto wa kumupita mbio. (Mbio alitoa kwangu, musibishe!)

Mupira haikufika hata nusu, akashika kifua, akaanguka. Pumzi hakuna.

Nikafungua nguo yake. Alikuwa amejifunga kifua na kipande ya kitenge yangu, akaikaza mupaka ngozi ikachubuka.

"Nani alikufundisha hii, mutoto wangu?"

"Ni weye, mama. Siku ya Mungu, inje ya kanisa."

Nikakumbuka. Nilimusimamisha mbele ya bamama, nikamugeuza-geuza: "Muone namna amekomaa! Iko mwanamuke kamili. Ng'ombe za mahari ziko njiani!"

Tulicheka sana. Yeye aliangalia chini, nikazani ni haya tu.

Sasa anapumua muzuri, Mungu asifiwe. Lakini nguo ya mupira amepatia mudogo wake. Anasema: "Miye nilimaliza."

Bamama, munifundishe. Mudomo ya kusifu ninayo, munaijua wote. Ya kuomba mutoto musamaha, tangu saa kumi ninaitafuta.