Usingizi wa Mzee Mstari

Mzee Mstari alikuwa dobi, na joto ndilo lililomlisha yeye na watoto wake. Jina alilopewa na wazazi wake, wateja walishalisahau. Wao walimjua kwa mstari aliouweka kwenye suruali, ambao watani walisema unaweza kukatia nyanya. Banda lake lilikuwa la mabati, lina meza pana iliyovikwa blanketi kuukuu, pasi nzito ya umeme na kopo la maji ya kunyunyizia. Msimu wa joto ulipoiva, bati lilimchoma kwa juu na pasi kwa chini, naye akageuka mkate katikati. Alijifunga taulo shingoni na kupiga pasi uso ameupinda pembeni, kwa sababu tone moja la jasho kwenye shati jeupe huacha doa la manjano, na hakuna mteja anayemsamehe dobi doa la dobi mwenyewe.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Chumba chake na mkewe kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani, na feni ambayo kazi yake ilikuwa kulitembeza joto kutoka kona hii hadi ile. Mkewe alimwaga maji sakafuni, akalowesha shuka na kulitundika dirishani, wakatandika mkeka na kulala chali, kila mtu upande wake, maana kwa joto lile hata kugusana kulikuwa ugomvi. Usingizi ulikataa. Basi wakapiga soga.

Mama yule hakuwa mchoyo wa maneno. Alijua nani mtaani kagombana na nani, nani kanuniwa na mkwewe, na nani anapika nyama huku akisema hana kitu. Mzee naye alimsimulia aliyoyakuta kwenye mifuko ya wateja: tiketi ya safari ya bwana aliyeapa kwamba hakusafiri, jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi. Juu ya mkeka ule walichagua majina ya watoto wao, wakamsamehe shemeji aliyewadhulumu kiwanja, na wakamlilia mama mzazi wa mzee mwaka ule alipofariki. Usingizi ulikuja kukikaribia kucha. Mzee aliamka kichwa kizito kama jiwe na kwenda kuungua upya.

Habari za kiyoyozi alikuwa hataki kuzisikia. Kitinda mimba wake, ambaye alifanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, alimbembeleza kila mwaka, naye jibu lake lilikuwa moja. "Kiyoyozi ni cha benki na mochwari," alisema. "Hela na maiti. Mimi sijaanza kuoza."

Mwaka huu maji yakamfika shingoni. Siku moja alisinzia wima, pasi mkononi, akaunguza mgongo wa shati la bwana harusi. Bwana harusi alioa na koti lake mwilini mpaka mwisho wa sherehe, jua likiwaka, na mzee kwa aibu hakuweza hata kula. Kijana aliposikia hakuomba ruhusa tena. Alikuja na fundi, wakatoboa ukuta, wakaziba dirisha, na jioni ile chumba kikawa baridi kama mtungini.

Mzee alilala fofofo. Aliamka mifupa imeachana na maumivu, akatembea kwenda bandani akipiga mluzi. Na kama mjuavyo, mpingaji akishaonja, hakuna mhubiri kama yeye. Kila aliyeleta suruali alipewa na mawaidha ya kiyoyozi bila kuomba. Akasahau kabisa habari za mochwari.

Mkewe alilala na sweta, kisha na sweta na soksi, kisha akahamia chumba cha zamani cha mabinti, akafungua dirisha na kutandika mkeka wake. "Baridi inaniingia mifupani," alisema. Jirani yake, fundi cherehani, alimcheka. "Mzoea punda hapandi farasi, shoga yangu! Watu wanaitafuta baridi kwa tochi, wewe unaikimbia?" Mama alitabasamu tu. Siku hizo alikuwa ametulia mno, hata mezani, lakini mzee hakuona. Mtu aliyeshiba usingizi haoni mengi.

Aliona siku binti yao mkubwa alipojifungua na mama akasema anakwenda kumsaidia.

"Vizuri," mzee akasema. "Utarudi lini?"

"Joto likiisha."

Kijiko kilimgandia mkononi. Msimu ulikuwa haujafika hata nusu. Tena huko kwa binti kulikuwa na joto kuliko hapa, na kiyoyozi hakipo, na mama mkwe wa binti alikuwepo tayari na mikono yake miwili. Mtu haendi kusaidia uzazi mpaka majira yabadilike. Mzee aliogopa, na tuseme ukweli, aliogopa kama mtoto aliyeachwa sokoni. Waliolala vyumba viwili leo, kesho hulala nyumba mbili. Alishawaona wengi, na nguo zao alizipokea bandani zikija kwa mafurushi tofauti.

Hakuwa na ufundi wa maneno, ila wa pasi alikuwa nao. Akajiambia, ugomvi ni baridi, na dawa ya baridi naijua. Jioni ile alirudi na pasi kwapani, akatandika shuka safi, na upande wa mkewe akaupiga pasi pale pale kitandani, polepole, kuanzia kichwani hadi miguuni, mpaka godoro lenyewe likapata moto. Kisha akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha mabinti.

"Mama watoto, njoo ulale. Nimekupashia."

Mama alitazama pasi, akamtazama mzee, akaangua kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia siku nyingi. "Yaani mashine inapoza na wewe unapasha! Huo umeme tutaumaliza." Lakini alikuja. Alijilaza kwenye ule moto, akavuta shuka hadi kidevuni, akashusha pumzi. Mzee akajilaza pembeni yake. Alikusudia kumuuliza kama moto unatosha.

Kufumbua macho, kumekucha. Upande wa pili ulikuwa mtupu, na shuka lilikuwa limetandazwa upya, limenyooka vile vile alivyolinyoosha yeye, halina hata kunyanzi moja. Maisha yake yote alikuwa akipigana na makunyanzi. Asubuhi ile alilitazama shuka lililonyooka na moyo ukamuuma.

Kabla ya adhuhuri mkewe alimkuta bandani na magauni yake ya safari. Mzee akayapokea, akalinyunyizia maji gauni la kwanza, akaanza na kola.

"Shuka halikuwa na moto?" akauliza bila kuinua uso.

"Lilikuwa na moto. Ahsante, baba."

"Mbona uliondoka?"

Mama alikaa kwenye benchi la wateja.

"Wewe unadhani naikimbia baridi," akasema. "Mifupa inauma, ndiyo, lakini sweta ninayo. Jana ulipokuja mlangoni nilifurahi. Nikasema, leo huyu ana neno. Nikageuka nikuambie langu, nikakuta unakoroma. Hata pumzi sikuwahi kuvuta."

"Nilichoka, mama."

"Najua umechoka. Ndiyo maana nimenyamaza. Nitamwambiaje mtu asilale? Mimi ndiye niliyekuwa nakuombea usingizi miaka yote hii. Sasa umeupata, na mimi sina wa kuongea naye. Mchana uko na pasi. Jioni unatafuna huku umefumba macho. Usiku ndio ulikuwa wangu. Nililaani lile joto, kumbe ndilo lililokuwa likiniwekea mume macho."

Mzee aliisimamisha pasi pembeni. Alitaka kumwambia kwamba mashine itang'olewa leo hii, na ulimi ukagoma, kwa kuwa lingekuwa neno la uongo. Aliupenda usingizi ule. Aliuhitaji.

"Kwenye mkeka sirudi," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakufa juu ya meza hii."

"Nimekuambia urudi?"

"Hujaniambia." Alijifuta uso kwa taulo, akajifuta tena mahali palipokwisha kukauka. "Basi niamshe."

"Nini?"

"Ukiwa na neno, niamshe."

"Utanitukana wewe."

"Nikikutukana, nizabe kofi. Lakini usiende na maneno yangu kwa watu wengine. Niamshe, mama."

Mama akanyoosha mkono, akaliondoa gauni moja mezani, akaliondoa na la pili, akaacha lile la kola.

"Hili linatosha," akasema. "Nitamwona mjukuu, nirudi."

Usiku huo mama alilala chumbani mwao na sweta yake. Mzee alijitahidi kukodoa macho ili aonekane mtu wa ahadi, lakini alikuwa amepiga pasi sare za shule nzima, na usingizi haujui ahadi. Ukambeba mara moja.

Alikuwa mbali sana kiwiko kilipomchoma ubavuni. Akashtuka, akakaa.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa," mkewe akasema gizani, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi kidogo, kama ya mtu anayebisha hodi asijue kama atafunguliwa. "Paka wa fundi cherehani amezaa."

Macho yalikuwa mazito. Kiwiliwili chake chote kilikuwa kikiuita mto. Mzee Mstari akameza mate, akajigeuza, akamwelekea.

"Wangapi?" akauliza.