Mbuzi Wawili Juu ya Majivu

Mama mkwe wangu hakutaka mabati juu ya jiko lake. Alisema chini ya mabati mtu anaiva kabla ya samaki. Alitaka majani, tena ya kilima chake nyuma ya nyumba, huku Nundu, aliyokuwa akiyakata tangu alipoolewa. Paa lilikuwa limeoza. Mwaka ule aliziba matundu tu, akasema kiangazi kijacho ataezeka upya lote.

Kila alipomaliza kukata, alikichoma kilima asubuhi na mapema, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Kisha alichomeka fito mbili njiani na kufunga fundo la majani katikati yake. Kila mwenye mifugo alijua maana yake.

"Majani ikifika ku magoti, njo mbuzi iingie," aliniambia. "Mbele ya pale, ikiwa ingali mufupi, hapana."

Nilikuwa na miezi minne ya ndoa na mbuzi wawili niliokuja nao kutoka kwetu Kilembwe. Walikuwa wamekonda mno, na wifi zangu walijifurahisha kuwahesabu mbavu. Siku chache baada ya moto, kilima kikachipua juu ya majivu, kijani laini cha kumtia mbuzi wazimu. Mama mkwe alipokwenda soko la Baraka, nikaliruka fundo pamoja na wanyama wangu. Mbuzi wawili tu, nilijiambia, kilima chote kile. Nilirudia kila siku ya soko, na siku nyingine ambazo hazikuwa za soko.

Wakanenepa. Wifi zangu walipouliza, nikasema ni maganda ya mihogo.

Tatizo lilikuwa mavi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu ilikuwa na vidonge vyeusi kuanzia chini hadi juu. Basi nikachukua ufagio wa njiti za mchikichi nikakifagia kilima. Nilijiona mwerevu sana.

Mvua zikaja. Majani ya kuezekea yakaota mafungu-mafungu, mafupi, kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Kilichostawi ni kile kichaka cha maua ya rangi ya waridi na manjano ambacho watu walikileta kiwe ua wa nyumba, na ndege wakakisambaza kwa kula matunda yake. Miaka yote, baada ya moto, majani yalikitangulia kuota na kukifunika. Safari hii mbuzi wangu walitafuna kila jani lililotaka kutangulia, na kichaka chenyewe hawakukigusa, kwa kuwa kinanuka na kinakwaruza ulimi. Hata dawa ya tumbo ambayo mama mkwe alikuwa akiichuma pale ikapotea.

Mama mkwe aliwashuku mbuzi wa jirani. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilisimama kando yake nikitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Batu ya sasa habana heshima," alisema.

"Kweli, mama," nikajibu.

Kiangazi kilichofuata tulipanda kilimani na miundu yetu. Tulizunguka vichaka asubuhi nzima tukapata mafungu matatu, yasiyotosha hata upande mmoja wa paa. Alikaa chini akayatazama. Hapo nikashindwa kuendelea na ujanja.

"Mama, ilikuwa mbuzi zangu."

"Nilikuonaka siku ya pili," alisema, bila kugeuka.

Mwaka mzima alikuwa akimsingizia jirani mbele yangu, nami nikimsaidia.

"Sasa juu ya nini haukunikataza?"

Aliokota mundu wake, akaufuta udongo kwa kidole.

"Ulikuwa ungali mugeni. Kila asubuhi macho yako ilikuwa imevimba na kulia. Nikasema, nikimukaripia huyu, atafungula mbuzi zake arudi kwabo. Majani, nilizania itarudia."