Shikamoo ya Kisarawe

Shule niliiachia darasa la pili nikaenda kufyatua matofali, na leo nyumba nyingi kuanzia Kwa Mathias mpaka Mlandizi zimesimama kwa jasho langu. Ndiyo maana mwenyekiti wa kamati ya shule ni mimi, na waliosoma wananinyooshea mkono waongee.

Basi mwalimu wa fizikia, binti mwembamba hivi, akasimamisha bomba la chuma juu ya paa la darasa, limezungushiwa nyaya. Wazazi wakaja juu. Huyu anasema linaita radi, yule anasema tangu lisimame kuku wake wamegoma kutaga. Mwalimu akaeleza kwamba hiyo ni redio ya upepo, kibali cha serikali anacho, na watoto watazungumza na wenzao wa Kisarawe bila vocha.

"Simu ninazo mbili," nikamwambia. "Kisarawe napiga hata nikiwa chooni."

"Mzee wangu, simu umenunua. Redio watoto wataiunda kwa mikono yao."

Hapo alinipata, maana kuunda nakujua. Lakini kamati ikakata shauri: Jumamosi tusikie sauti ya mtu wa Kisarawe kwa masikio yetu. Tusipoisikia, bomba linashuka, na kikundi chake cha redio kimekufa.

Jumamosi watoto wakajaa barazani. Redio juu ya dawati, betri ya gari chini. Kwa heshima nikapewa mimi kipaza sauti. Kule Kisarawe cha kwao alikishika mwenyekiti mwenzangu.

"Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia," mwalimu akasema.

Nikabonyeza. Nikanyamaza.

"Mzee, sema basi."

"Niseme nini? Nangoja anisalimie."

"Hawezi kusikika, umebonyeza!"

Nikaachia. Ule mchakacho wa redio ukakatika, kimya. Mwalimu akasema kule nako kuna mtu amebonyeza, hasemi. Tukatega masikio. Jogoo akawika.

"Jogoo wa Kisarawe huyo!" mwalimu akaruka.

"Wa jirani huyo," akasema mjumbe mwenye kuku waliogoma. "Kamati ilisema mtu."

Mwalimu akampigia simu mwalimu mwenzake wa kule. Akarudi amekunja uso. "Mzee wao ameachia, lakini naye anangoja shikamoo. Anasema yeye mkubwa."

"Mkubwa kwa lipi? Muulize, wakati tunahamishiwa vijiji vya ujamaa alikuwa na watoto wangapi."

Akauliza. "Wawili, mzee."

Mimi wakati ule nilikuwa ndiyo kwanza napeleka posa.

"Mapacha?"

"Anasema si mapacha."

"Si mmeshaongea kwa simu?" mama mmoja akapiga kelele. "Twendeni zetu, jua kali!"

Taa ya redio ikaanza kufifia. Mwalimu hakunibembeleza. Alianza kukunja waya taratibu, na watoto wakamwangalia anavyokunja. Miaka yote hii hapa kijijini shikamoo naipokea tu, siitoi. Wa kuwapa wameshazikwa.

"Acha huo waya," nikasema. Nikabonyeza. "Shikamoo, kaka."

Nikaachia.

"Marahabaaa!" Redio ikatetemeka. "Marahaba, mdogo wangu! Hujambo? Watoto? Mama watoto? Mvua imewafikia? Mihogo je?"

Barazani vigelegele. Na mtu aliyebonyeza huwezi kumjibu wala kumkatiza. Ilibidi nikae kama mkwe mpaka akamaliza kuulizia mbuzi, ndipo betri ikazimika. Mjumbe wa kuku akakiri mwenyewe: huyo ni mtu, tena wa Kisarawe, anasalimia mpaka mifugo.

Bomba likabaki. Wajumbe wakitawanyika, nikamvuta mwalimu pembeni.

"Likirefushwa, linafika wapi?"

"Mbali, mzee. Rufiji, hata Zanzibar."

"Jumatatu naleta bomba jingine na fundi wangu wa kuchomelea. Na huko Rufiji, mwanangu, kabla hujanipa kipaza sauti, waulize kwanza mwenyekiti wao ana umri gani."